Aliyekuwa Mdomo Wangu

Bwana asifiwe! Wale wa nyuma hamjaitikia, lakini nawasamehe, jua ni kali.

Ndugu zangu, mnanijua kama yule mama wa Sudan Kusini anayeuza mboga Mumbuni. Leo nataka niwaambie vile nilikaribia kurudishwa kambi ya wakimbizi, na si kwa mkono wa adui.

Vita vilipofika kwetu nilikimbia na watoto wangu na jirani mmoja. Jina lake silitaji. Njiani nilishikwa na homa, maziwa yakakauka, na yeye ndiye alimnyonyesha kitinda mimba wangu pamoja na wake. Mtu kama huyo utamwita nani? Mimi nilimwita dada.

Kanisa hili likatutoa kambini, likatulaza kwenye ukumbi huu huu, kamati ikitafuta waumini walio na nyumba tupu. Mimi Kiswahili sikujua hata cha kuomba maji. Dada alikijua, maana aliwahi kuishi Kenya akiwa msichana. Basi yeye ndiye alikuwa mdomo wangu.

Siku moja kamati ikaniita. Mzee mmoja akaongea maneno mengi akitabasamu. Dada akanigeukia, akaniambia kwa lugha yetu, "Wanasema nyumba bado, lakini hawajakusahau. Vumilia." Nikaweka mkono kifuani, nikawaambia, "Shukran, shukran." Dada naye akawaeleza yake. Nikaona uso wa mzee umebadilika. Nikadhani amechoka.

Baada ya siku chache dada akahamia Kola, kwenye nyumba ya mawe iliyo na tangi la maji na shamba. Nilifurahi, jamani! Nilimsaidia kubeba magodoro. Nikasimama mlangoni nikamwombea baraka. Nawaambia, hiyo sala inaniuma mpaka leo.

Sisi tukabaki ukumbini, watoto wakikohoa kwa baridi ya sakafu. Watu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Mwishowe mama mmoja wa kamati akaja, na wakati huo nilikuwa nimeanza kusikia Kiswahili.

"Mwaitu, mama yangu, Jumatatu gari linawarudisha kambini," akasema. "Lakini niambie ukweli. Mbona ulikataa nyumba ya Kola?"

"Nani? Mimi?"

"Si ulisema huko ni porini, na wewe si mtu wa kuchunga mbuzi?"

Nilikaa chini. Yule mama akaniangalia, akasema, "Mimi siku ile nilisikia ukisema shukrani. Nikajiuliza, ni mtu gani anakataa nyumba huku akishukuru? Lakini nikanyamaza. Ngai anisamehe."

Hilo neno shukran, ndugu zangu, ni moja kwetu na kwenu. Ndilo pekee dada alishindwa kuligeuza.

Mama akaniinua, tukaenda kwa kamati. Dada akaitwa. Hakukana. Alisema tu, "Nyumba ilikuwa moja, na mimi pia niko na watoto." Wengine walitaka afukuzwe. Mimi nikasema aachwe, kwa ajili ya hao watoto. Msinipigie makofi! Kumsamehe bado. Nyinyi husema kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, lakini hakuna aliyeniambia kinauma namna hii.

Nashukuru familia ya Mumbuni iliyotupa vyumba nyuma ya nyumba yao. Nashukuru kamati, na hasa yule mama ambaye mwishowe aliuliza. Ni muvea muno, asanteni sana. Na ninawaomba: mkimsaidia mgeni, msimsikie kwa mdomo wa mtu mmoja. Mwangalieni yeye mwenyewe, na mkishuku, ulizeni siku hiyo hiyo.

Wiki hii mmeleta familia nyingine kutoka kwetu, mkaniomba niwatafsirie. Nimekubali. Lakini nimetaka mtu mwingine anayejua lugha yetu aketi kando yangu. Mchungaji alicheka, akasema mnaniamini. Najua. Hata mimi nilimwamini dada. Lakini hiyo nyumba mnayotaka kuwapa nimeenda nikaiona, na ni nzuri kuliko yangu.