Vidonge vya Bibi Marieta

Gari la abiria aina ya Noah lilipoondoka Katesh, Benedikta, mwanafunzi wa udaktari, alimwamkia bibi aliyeketi kando yake. Kabla ya kilima cha kwanza, Bibi Marieta alikuwa ameshamweleza kwamba ameacha vidonge vya presha.

"Siku hizi nakunywa maji ya vitunguu saumu. Jirani yangu Basili alikunywa, akapona kabisa."

Benedikta akashtuka. "Na waliokunywa wasipone, bibi, umewauliza?"

"Hao nitawaona wapi? Anayezunguka akijisifu ni aliyepona."

"Ndiyo hivyo! Basili ni mmoja. Vidonge hivyo walipewa maelfu ya watu, wengine hawakupewa, wote wakafuatiliwa kwa miaka. Waliomeza hawakupatwa sana na kiharusi kama wenzao."

"Daktari, gari si darasa!" akasema mzee wa nyuma, naye akasogea mbele ili asikie vizuri.

Benedikta alicheka, ingawa moyoni alitamani kumwokoa bibi huyu kabla hajashuka Endasak.

"Umesema vizuri, mjukuu wangu," bibi akasema. "Lakini mbona hukuniuliza kwa nini niliacha?"

Kweli, Benedikta hakuuliza.

"Vinanikojoza. Nauza maharage mnadani, choo kiko mbali, nikirudi wateja wameshakwenda kwa mwingine. Hao maelfu wako, nao walikuwa wanauza maharage?"

"Sijui, bibi," Benedikta akasema taratibu. "Siku ya mnada, huwa unavimeza saa ngapi?"

Gari likasimama Endasak. Bibi alishuka, akajitwisha mzigo wake, akamtazama kupitia dirisha.

"Sasa ndiyo unaanza kunitibu," akasema, na konda akafunga mlango.