Mama Filimbi Anashuka wa Kwanza

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupeleka watu kwenye mwamba na kuwarudisha, kiongozi wetu wa wageni anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake kamili liko kwenye faili la ofisi, lakini ukiliita pale gatini hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe hageuki. Ni Mama Filimbi. Alikuwa Mama Filimbi wakati baadhi yetu hatujang'oa meno ya utoto.

Kwa wenzetu wa karakana na wa ofisini ambao kila mwaka wanaahidi kupanda boti yetu na kila mwaka wanapata mafua, safari inakwenda hivi. Asubuhi wageni wanapanda, wanavua viatu, wanapewa miwani ya majini, mrija wa kupumulia na jaketi la kuelea. Boti inakwenda mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, inafungwa kwenye boya, watu wanaingia majini na kulala kifudifudi kutazama samaki. Mchana wanakula mkate na matunda kwenye fungu la mchanga. Baadaye mwamba wa pili, kisha nyumbani, wamebabuka migongo na wanacheka ovyo. Siku nzima. Mwanzo mpaka mwisho filimbi ni ya Mama. Ikilia mara moja, tokeni majini. Ikilia mfululizo bila kupumzika, simamisha kila kitu, hata kama Nahodha anakohoa.

Hakuanzia botini. Alianza akikata tiketi kwenye kile chumba cha dirisha moja ambacho siku hizi tunawekea mapipa ya rangi, na alikuwa hajui kuogelea kabisa. Wageni wakirudi walikuwa wanamsimulia kasa, pweza, samaki wa rangi ya ndizi mbivu, na yeye anaitikia tu huku anahesabu chenji. Ikamchosha kuuza kitu asichokijua. Akaanza kujifundisha saa za chakula, boti ikiwa imefungwa gatini, kashika ngazi kwa mikono miwili anapiga miguu. Mafundi wa injini wa wakati ule walimwandama kwa utani: "Dada, ngazi haiendi popote, utafika lini?" Akawajibu kwamba yeye atafika kabla injini yao haijawaka. Na kweli, msimu uliofuata alikuwa majini na wageni, na ile injini ilikuwa bado iko juu ya meza.

Kazi yake kubwa imekuwa watu waoga. Alikuwa na boya la duara jekundu lenye kamba. Mwenye hofu anashika boya, Mama anavuta, taratibu, anamwonyesha kwa kidole huyu pono, yule kasa. Kuna bwana harusi mmoja aliyetangaza kuanzia gatini kwamba yeye ni samaki mtu, akakataa jaketi, akamcheka bibi harusi kwa kushika boya. Kuruka majini, kuona kina chini yake, akapanda mgongoni kwa Mama Filimbi kama mtoto wa nyani. Mama akampeleka hivyo hivyo mwamba mzima, ziara kamili, bila kupunguza kitu. Bibi harusi ndiye aliyepiga picha. Iko ukutani ofisini, mkitaka kuiona.

Ila watu wengi wanamkumbuka kwa kreti ya viatu.

Mnajua kuhesabu watu botini kulivyo. Huyu yuko chooni, yule kalala chini ya benchi, watoto wanakimbizana, wawili wamevaa kofia za kufanana. Siku moja walihesabu vichwa, wakarudia, wakarudia tena, na kila hesabu ikaleta jibu lake. Mama akachoka. Kuanzia siku ile kila mgeni anaweka viatu vyake kwenye kreti ya plastiki kule nyuma, na akitoka majini anavichukua mwenyewe kwa mkono wake. Kreti ikiwa tupu, boti inaondoka. Kukiwa na kiatu ndani, mwenye kiatu yuko majini, basi, hakuna mjadala. "Kichwa kinatembea," ndivyo anavyosema, "kiatu hakitembei." Mheshimiwa mmoja alikuja na viatu vya ngozi vinavyong'aa, akasema yeye haingii majini kwa hiyo havui. Mama akamwambia kwa adabu zote kwamba boti hii ina watu wa aina mbili, waliovua na waliobaki gatini. Mheshimiwa akavua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, na tangu hapo akawa mchangamfu kuliko wote.

Sasa, kustaafu kwenyewe. Ilikuwa astaafu mwaka juzi. Akaahirisha. Mwaka jana pia akaahirisha. Binti yake, ambaye ni fundi cherehani na ana mtoto mchanga, alishamtayarishia chumba, kashona mapazia, kaweka kitanda karibu na dirisha, na mapazia yakaanza kupauka kwa jua kabla mwenye chumba hajafika. Mwisho akampigia Bosi simu. Alisema, na Bosi alitusimulia huku anajifuta jasho, "Baba, mama yangu nimewaazima tu, mnirudishie angali anatembea."

Shida ilikuwa moja. Mama hakuamini kwamba bila yeye watu wote watarudi. Hakuwa na majivuno. Alikuwa halali tu. Kwa hiyo akaweka sharti: safari ya mwisho atapanda kama mgeni. Filimbi atamvisha Dada Miwani, yule mwenzetu anayeosha na kugawa miwani, aliyekuwa naye majini misimu yote hii. Yeye hatagusa kitu. Watu wote wakirudi salama, anakwenda kwa binti yake. Mmoja tu akisahaulika, anamwomba Bosi mwaka mwingine, na mapazia yatasubiri.

Tukapanda. Mama kavaa kofia ya kigeni, kakaa mbele, kavua kandambili zake zenye ukanda wa kijani uliofungwa kwa mshipi wa kuvulia, akaziweka kwenye kreti kama watu wengine. Ilikuwa mara yake ya kwanza, maana sisi wafanyakazi tunakwenda pekupeku. Bosi, aliyepanda nasi siku ile, alitoa amri kwamba asisumbuliwe, asiulizwe kitu, hata akisinzia aachwe. Alikaa huku mikono kaikalia. Mpishi alisema ameona watu wakifungwa pingu wakatulia zaidi ya vile.

Mwamba wa kwanza, safi. Chakula, safi. Dada Miwani kanywea kidogo, jasho linamtoka hata akiwa majini, lakini kazi inakwenda. Mwamba wa pili, muda ukafika, akapuliza mara moja. Watu wakatoka, wanatiririka maji, wanapigana vikumbo kwenye ngazi, kila mtu anataka taulo. Akahesabu vichwa. Jumla ikatimia. Upepo ulikuwa unageuka na Nahodha anapenda kuondoka kabla mawimbi hayajainuka. Akasema, "Vichwa vimetimia, tunaondoka," akafungua kamba ya boya, akawasha, akashika usukani.

Dada Miwani akasema bado hajaona kreti.

Nahodha akamwambia hesabu imetimia, kreti ya nini tena, au anataka tulale huku? Dada alikwenda nyuma huku boti inatembea, anajishikilia mabenchi. Wageni walikuwa wametupia taulo zao mbichi juu ya kreti. Akazitoa moja moja. Chini kabisa, jozi moja ya kandambili.

Alipuliza mfululizo mpaka mtoto wa mgeni mmoja akaziba masikio. Injini ikazimwa. Nahodha akaja amefura. "Hizo za jana hizo! Watu wanasahau viatu kila siku!" Wageni wakaulizwa, huyu siyo zangu, yule siyo zangu, na mama mmoja akasema hata angekuwa majini asingedai ndala zilizochoka vile. Ndipo Dada akazigeuza, ukanda ukaonekana. Wa kijani. Umefungwa kwa mshipi.

Mpishi aliangalia mbele, pale kwenye kiti tulichoamini kwamba kuna mtu anasinzia asisumbuliwe. Kulikuwa na kofia.

Nieleze jinsi ilivyotokea, maana Bosi ameuliza mara nyingi. Jumla ya asubuhi inatoka kwenye tiketi, unaongeza wafanyakazi kama ilivyozoeleka. Mama hakuwa na tiketi, alikuwa mgeni wa heshima. Na kwenye wafanyakazi hajawahi kuwemo hata siku moja, maana jumla hiyo aliiweka yeye, na kinyozi hajinyoi. Miaka yote anayehesabu alisimama nje ya hesabu, na sisi tukaikariri hivyo hivyo, kichwa chake hatukihesabu hata akiwa amekaa mbele yetu. Kwa hiyo Dada alihesabu sawasawa kabisa, na akamwacha.

Boti ikageuzwa. Nahodha, ambaye huwa anaimba akigeuza, hakuimba. Tulimkuta kwenye ncha ya mbali ya mwamba, kalala chali juu ya lile boya lake jekundu, anaelea kama mtu aliyelipia. Alituangalia tukija bila kupunga mkono. Filimbi ilikuwa shingoni kwa mwenzake, angetuita kwa kitu gani? Ngazi ikateremshwa. Akapanda, akakaa, akakamua nywele. Wote tulikuwa tunawaza jambo moja, na Bosi alishatoa kalamu mfukoni bila kujua kwa nini. Mmoja amesahaulika. Sharti ni sharti.

Nahodha kavua kofia, kaishika kwa mikono miwili. Akaanza kuomba radhi, Mama akamkatiza. Akasema kwenye mwamba wa pili kiti kilimshinda, akateremka kimyakimya na boya lake pamoja na wageni. Akauliza kwa nini yeye mwenyewe hakutoka majini filimbi ilipolia, akajijibu mwenyewe: ilipolia, miguu ilimpeleka mwisho wa mwamba kutafuta wa mwisho, kama siku zote. Hajawahi kuitwa na filimbi maishani mwake. Alifika kule, akaangalia huku na huku, hakuna mtu, akageuka arudi awaambie hakuna mtu, akaona boti inaondoka.

"Mliondokaje?" akauliza.

"Hesabu ilitimia, Mama," Dada Miwani akasema.

"Itatimiaje bila mimi?"

"Siku zote inatimia bila wewe, Mama. Hujihesabu."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika benchi, na wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini, na Nahodha akajaribu kucheka, akaangaliwa, akaacha. Mama akajifuta macho kwa kiganja.

"Nani kasimamisha boti?"

Nahodha akanyoosha kidole kwa Dada, haraka, kama mtoto anayesema siyo mimi.

"Wewe ulikuwa unakataa?"

"Nilikuwa nakataa, Mama."

"Na yeye akapuliza tu?"

"Akapuliza. Mpaka sasa sikio hili halisikii."

Mama akamnyooshea Dada Miwani mkono. Dada akaanza kuvua filimbi, uso umeshuka. Mama akamwambia, "Filimbi ya nini? Nipe kandambili zangu." Akapewa. Akazivaa. Akainama akaangalia ndani ya kreti mwenyewe, mara moja, akaona tupu, akamwambia Nahodha awashe.

Bosi akarudisha kalamu mfukoni.

Mliopo gatini mnajua utaratibu: Mama Filimbi hushuka wa mwisho. Mgeni anashuka, mtoto anashuka, mpishi na masufuria yake, Nahodha, ndipo yeye. Siku ile kamba ilikuwa bado haijafungwa vizuri alipoinuka, akapita katikati ya wageni akisema samahani, samahani, akaruka gatini na kandambili zake zikilia. Binti yake alikuwa pale, mtoto mgongoni. Hawakukumbatiana sana. Binti alimwuliza tu kama ameshamaliza, akasema ameshamaliza. Wakaondoka wanaelekea barabarani, na nyuma yao tulimsikia Dada Miwani anawaambia wageni wavae viatu vyao, washuke mmoja mmoja, wasisukumane.

Hesabu ya wafanyakazi botini imerekebishwa. Anayehesabu sasa anaanza na yeye mwenyewe, kwa sauti, na Nahodha ndiye anayemsikiliza.

Asante Mama, kwa wote uliowarudisha, pamoja na yule bwana harusi. Kule kwa binti yako lala mpaka jua liingie dirishani, mlee mjukuu, na ukisikia filimbi yoyote mtaani, usiende kumtafuta mtu. Tunakuombea siku njema nchi kavu. Huku kreti ni tupu.