Madam Lynnet Nyatichi na Migongo ya Miaka Ishirini na Saba

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuchua migongo ya watu wa Migori na Homa Bay, Madam Lynnet Nyatichi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026. Alianza kazi katika Kliniki ya Viungo ya Mto Kuja mwezi Machi 1999, akiwa na umri wa miaka thelathini, na anaondoka miaka mitatu kabla ya wakati wake. Sababu ya kuondoka mapema nitaieleza. Kuna pia ombi moja mwishoni, na ninawasihi wageni wasiliruke kukimbilia pilau.

Kamati ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, Asiya Mahmud, ndiye ninayebaki na kitanda chake. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, tukitenganishwa na pazia la kijani. Ninaandika baada ya migongo tisa, na mtu aliyechua migongo tisa hana maneno mengi ya kupamba. Mtanisamehe.

Madam Lynnet alisomea masaji ya Kiswidi jijini Nairobi, kwa mwalimu mmoja mkali aliyewafundisha jambo moja kabla ya mengine yote: mkono wa mchuaji si nyundo. Masaji hii ni ya mafuta na ya utaratibu. Kwanza viganja vinateleza kwa mapana, kuelekea upande wa moyo, mpaka mwili uzoee kuguswa. Ndipo misuli inakandwa kama unga wa chapati, inasuguliwa pale ilipojikunja, inapigwapigwa kidogo, na mwishowe viganja vinarudi kuteleza polepole. Nguvu inatoka miguuni na kiunoni mwa mchuaji, anapoegemea kwa uzito wake mwenyewe. Vidole gumba vinatumika kwa uchache, kwa sababu mtu ana viwili tu.

Madam aliongeza la kwake. Kabla ya kuanza, aliweka kiganja kimoja katikati ya mgongo akakiacha hapo bila kukisogeza, hadi mtu apumue mara saba. Hilo hakufundishwa na yeyote. Alituambia mwili ni kama mbwa wa jirani, ukimwendea mbio anauma.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Machuki, wakati huo akifundisha hesabu katika shule ya msingi hapa mjini. Aliona kibao cha Masaji ya Kiswidi, akaingia, akaketi kwenye benchi saa mbili nzima. Kila alipoitwa alikataa kuinuka. "Mimi nangojea mzungu," alisema. Alipoelewa kwamba hakuna Mswidi atakayekuja, alikubali shingo upande kulala kitandani. Kufikia pumzi ya saba alikuwa anakoroma.

Aliamka mgongo umelegea na uso umekunjuka, kisha akalalamika. "Madam, hii ni kunipaka tu mafuta. Mama yangu alikuwa ananichua hadi nalia. Kaza kidogo, bana!"

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Huku kwetu dawa isiyochoma haihesabiwi kuwa dawa, na mzee wa kuchua wa kijijini husifiwa kwa idadi ya watu aliowapigisha mayowe. Madam alijua kwamba masaji yake haihitaji mayowe. Lakini alikuwa mgeni, kibao kilikuwa kipya, na wateja walitoka wakinong'ona kwamba pale ni kupakwa tu. Basi akakaza. Mwalimu Machuki aliporudi, Madam aliweka vidole gumba vyote viwili kando ya uti wake wa mgongo na kukandamiza kwa nguvu zote za umri wa miaka thelathini. Mwalimu akapiga mayowe, akashukuru, na wiki iliyofuata akaleta wanaume watano wa kanisani. Siku hizi naye ni mstaafu. Bado huja kila mwezi, na salamu yake ya mkono inaogopwa hadi Rongo.

Kliniki ilipofungua tawi Homa Bay, Madam ndiye aliyetumwa kulianzisha. Kila Alhamisi kitanda cha kukunja kilipakiwa kwenye pikapu hadi Sindo, na mara moja kwa mwezi kilitoka hapo kwa bodaboda hadi Magunga, ambako mumewe Javan ana shamba. Siku moja huko Magunga mama mmoja alimfuata soko zima akiuliza bei ya hiyo meza ya kupigia pasi. Sindo, wanawake wa samaki walimjia na shingo zilizogoma kugeuka kwa kubeba beseni za omena, dagaa wa ziwani. Yeye ni Mkisii, na Kijaluo chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini kuna neno alilolijua upesi maana kila aliyelala alilitamka. "Aol, Madam. Aol ahinya." Nimechoka, nimechoka sana. Kwa hiyo aliacha kuuliza watu wanaumwa nini. Aliuliza wanafanya kazi gani, kisha akachora mgongo kwenye daftari lake na kutia alama.

Hakuwahi kumdanganya mtu. Aliwaambia wazi kwamba masaji haiponyi kisukari, haitoi mapepo na hairudishi mume. Inalegeza misuli, inatuliza moyo unaoenda mbio, inampa mtu usingizi mzuri wa siku moja au mbili, na asubuhi shingo inaweza kugeuka kumtazama anayekuita. Kwa mwanamke aliyebeba beseni tangu darasa la sita, hilo si jambo dogo. Wengi wao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamechoka tu, na hapakuwa na mahali pengine walipoweza kwenda na uchovu wakapokewa nao.

Katika mafanikio yake yote, ninalolikumbuka zaidi ni siku aliyokataa kugusa. Mwaka 2018 alikuja Nasteha, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, baada ya kuketi kwenye basi mchana kutwa kutoka Nairobi. Shavu la mguu mmoja lilikuwa limevimba na lina moto, na mguu wa pili ulikuwa mzima. Nasteha alidai ni uchovu wa safari, achuliwe aende zake. Madam aliweka kiganja, akakiondoa kabla ya pumzi ya pili. "Huu mguu siugusi. Simama, twende hospitali sasa hivi."

Nasteha aliwaka. "Madam, mbona wengine unawachua? Mimi kwani niko na nini?"

Alikuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuuchua mguu ule kungeweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Alipona. Tangu mwaka huo, kila Idi analeta kitambaa, na sasa Madam ana mapazia ya kutosha nyumba tatu.

Sasa nifike kwenye vidole. Mwezi Oktoba mwaka jana nilifungua pazia letu nikamkuta akifungua chupa ya mafuta kwa meno. Nikaanza kumtazama vizuri. Alikuwa akichua kwa viwiko karibu muda wote, na nilipomuuliza aliniambia ni mtindo wa kisasa. Nilimsumbua mpaka akaenda kwa daktari. Viungo vya vidole gumba vimelika, vyote viwili, na havirudi tena vilivyokuwa. Hawezi kugeuza ufunguo. Asubuhi zenye baridi hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Nyumbani Javan ndiye anayesonga ugali na kukamua nguo, na alikuwa akifanya hivyo kwa miaka miwili kabla ya sisi kujua lolote.

"Nilijua, Asiya," aliniambia. "Mwalimu wangu aliniambia siku ya kwanza kabisa. Lakini ningewapaka tu, hawangerudi. Na mimi nilitaka warudi."

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia Mwalimu Machuki, nikawakasirikia wale watano wa kanisani na kila aliyewahi kulala pale akasema kaza. Kisha nikakumbuka la kwangu. Mimi huchua wanawake peke yao, kwa hiyo wanaume wote walikuwa wake tangu zamani. Lakini hata mwanamke akiingia na mgongo wa mawe, labda mponda mawe ya dhahabu kutoka Macalder, nilikuwa nampeleka upande wa pili wa pazia. Nilikuwa nasema, huyu ni wa Madam Lynnet, yeye ndiye mwenye mikono. Nilisema kama ninayemsifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani. Vidole vile nimevila na mimi, na hilo linaniuma kuliko mgongo wangu.

Kamati iliponunua zawadi ya sufuria nzito sita, niliwaomba wazirudishe dukani bila kuwaeleza kwa nini. Waliniona nina roho mbaya. Sasa mmejua, na zawadi itakayotolewa ni blanketi, jepesi.

Mwenzetu Nyamhanga anaanza kazi Jumatatu upande wa wanaume. Tumekaa naye, Madam akiwa kati yetu, tukakubaliana. Atakayesema kaza atawekewa kiganja na kungojeshwa pumzi saba. Akitaka mayowe, vijijini wazee wapo.

Madam Lynnet, kwa niaba ya wafanyakazi wa Migori na Homa Bay, na kwa niaba ya kila shingo iliyogeuka kwa sababu yako, asante. Asante kwa daftari, ambalo nimelisoma lote na mwandiko wako umenitoa jasho. Asante kwa kunifundisha kuegemea, ingawa wewe mwenyewe ulichelewa kulifuata somo lako. Nenda Magunga ukalale mpaka jua likufuate kitandani. Javan asonge ugali, nawe umkosoe ukiwa umeketi. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, na ziwe nyepesi mikononi mwako.

Na sasa lile ombi. Sherehe itaanza baada ya swala ya Ijumaa na kumalizika kabla ya jua kuzama, ili Waadventista wetu wawahi Sabato. Mwishoni mtapanga mstari wa kumuaga, na nyote mtataka kumpa mkono. Tumealika watu mia moja na ishirini. Najua kwamba huku kwetu salamu isiyobanwa huonekana kama dharau. Madam hatawaambia kitu. Atatabasamu, atatoa mkono mara mia moja na ishirini, na jioni Javan atamlisha kwa kijiko.

Nawaomba, msimbane mkono. Ukimfikia, weka kiganja chako juu ya mkono wake, ukiache hapo hapo, upumue naye kidogo, kisha umpishe mwingine. Yeye hakutaka niandike haya. Tulibishana siku mbili, hadi akachoka. "Haya, andika," alisema. "Lakini uweke mwisho, wasisome wakiwa wanakula."

Mwalimu Machuki, tunajua wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kwenye mstari. Tafadhali, usikaze.