Erlend Flett, Aliyejifunga Leso Barafuni

Marehemu Erlend Flett alizaliwa tarehe 9 Machi 1828 hapa Stromness, mtoto wa tatu wa marehemu James Flett, fundi mapipa, na marehemu Marion.

Alisoma shule ya parokia hadi umri wa miaka kumi na mmoja. Hesabu hazikumpiga chenga wala kusoma hakukumshinda. Kilichomshinda ni kutulia kitini. Mwalimu alimtoa nje mara nyingi kwa kupiga miguu sakafuni, naye huko nje aliendelea kuipiga.

Akiwa kijana aliingia meli za kuwinda nyangumi, akapanda hadi kuwa mrusha chusa. Mwezi Mei 1850 aliajiriwa katika Marwick, meli ya kuchunguza bahari ya barafu, pamoja na Sweyn Linklater, kaka wa mchumba wake Baubie. Gatini Baubie hakulia. Alimwambia, "Erlend, ukirudi bila kaka yangu, mlango wetu usiubishe." Wanaomjua Baubie wanajua hakuwa akitania.

Barafu iliibana meli, na majira ya pili ya baridi kiseyeye kikaingia. Mabaharia wawili waliokata tamaa, wakalala na kuugeukia ukuta, walikuwa wameshazikwa, na sasa Sweyn naye akaugeukia. Nahodha alipomwamuru aamke, alijibu, "Nitie pingu, bwana. Siamki."

Ikafika siku ya Mwaka Mpya 1852. Sitaha ilifunikwa kwa matanga na taa zikawashwa adhuhuri, maana jua halikuwa likichomoza. Fidla ikalia. Kwa kuwa melini hamkuwa na wanawake, nusu ya mabaharia walijifunga leso mkononi wakacheza upande wa kike. Erlend, pande la mtu mwenye ndevu hadi kifuani, hakuwahi kukubali kuifunga. Alisema hajazaliwa mwanamume wa kumzungusha. Siku hiyo aliifunga, akashuka chini, akapiga goti mbele ya kitanda cha Sweyn.

"Bwana Sweyn, naomba dansi hii nicheze nawe."

"Nipishe, Erlend. Kacheze na pipa."

"Bibi anakuomba dansi siku ya Mwaka Mpya, nawe unampa mgongo? Nikamwambie nini mama yako? Kwamba alizaa mtoto asiye na adabu?"

Sisi wa visiwa hivi tunajua: amri ya nahodha mtu anaweza kuipuuza, lakini kumkatalia bibi dansi siku hiyo ni kuitukana nyumba yake mwenyewe. Sweyn akageuka.

"Bibi gani ana ndevu kama fagio?"

"Ndevu si kilema. Inuka, shemeji, fidla haitusubiri."

Sweyn alicheka hadi fizi zikamtoka damu, kisha akalia, kisha akainuka akiwa amemng'ang'ania Erlend shingoni. Mzunguko wa kwanza alibebwa. Wa pili aliburuta miguu. Wa tatu alimkanyaga Erlend, wala hakuomba radhi. Tangu hapo Erlend alimwinua kila siku. Daktari wa meli alisema wazi kwamba dansi haiponyi kiseyeye, na ni kweli; kilichowaponya ni nyama ya dubu iliyopatikana mwishoni mwa Februari. Lakini nyama ile ililiwa na waliofika Februari wakiwa hai.

Walirudi Septemba. Tarehe 3 Desemba 1852 Erlend alimwoa Baubie katika kanisa hili, wakajaliwa mabinti wawili, Osla na Jessie. Alikuwa baba mpole, mbishi wa kupindukia, na jirani ambaye hakuna arusi iliyompita. Tulimpenda sana, naye alilijua hilo.

Kifua kilimsumbua tangu Oktoba iliyopita. Daktari wa mji alimhudumia kwa moyo wote, lakini siku zake zilikuwa zimetimia. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Februari 1895, Baubie akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Baubie, mabinti wawili na wajukuu watano. Ameacha pia shemeji yake Sweyn, watoto sita wa Sweyn na wajukuu wake kumi na mmoja. Wapo waliouliza kwa nini watoto na wajukuu hao wa Sweyn nao wasomwe miongoni mwa wafiwa. Baubie ndiye aliyeamua, akasema, "Wasomeni wote. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa kabla ya Mwaka Mpya ule."

Mola amlaze Erlend mahali pema, penye amani na joto.