Kikombe Kilichopona

Siku ya pili baada ya tetemeko, saa tatu asubuhi, benchi la kona lilikuwa limejaa kama kawaida, na kama kawaida hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake. Benchi hilo limebanwa kati ya kibanda cha kinyozi na mahali pa kutengenezea baiskeli, na mbele yake hukaa Bi Birika na jiko lake la mkaa na kahawa yake isiyo na mpinzani. Jana yake, asubuhi na mapema, ardhi ilikuwa imetikisika kwa muda wa kutosha mtu kusema "jamani, ni nini hiki?" mara tatu na bado asipate jibu. Mtaa mzima hakuna aliyevunjika hata kidole, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wacheke ovyo tangu alfajiri. Ila vyombo ndivyo vilivyoumia. Kila mlangoni palikuwa na lundo la vigae vya sahani na vioo, na kila dirisha lilitoa sauti ya ufagio. Bi Birika mwenyewe, aliyekuwa na vikombe kumi na viwili, alibakiwa na kimoja tu, cha bluu, kilichomeguka kidogo mdomoni.

— Sikilizeni! alipaza sauti, akagonga birika kwa kijiko. Kikombe ni kimoja, na nyinyi midomo yenu haina breki. Kwa hiyo leo ni zamu kwa zamu. Mwenye kikombe ndiye anayesema, wengine kimya. Na ukikipokea, lazima useme. Sitaki mtu wa kuninywea kahawa yangu akiwa amenuna.

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma mtu mmoja, naye ni Milimita, seremala, aliyekuwa amejikunyata mwisho kabisa wa benchi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kitu asichokipima. Hata benchi lenyewe alilitengeneza yeye, na kila Jumatatu hulipima tena. Kwenye mfuko wake wa nyuma daima huchomoza kile kifaa chenye kipovu cha maji katikati, ambacho mafundi hukiita pima maji, na leo kilikuwepo vilevile. Ila leo Milimita alitamani kukitupa mtaroni.

Kisa chenyewe ni hiki. Tetemeko lilipoanza, mkewe, ambaye ni fundi wa kushona, alikuwa kwenye cherehani chumba cha mbele, na Milimita alikuwa jikoni akinyoosha rafu. Alichokumbuka baada ya hapo ni kwamba alikuwa katikati ya barabara, hana viatu, na pima maji ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mkewe hakuwa naye. Alimwacha ndani. Aliporudi alimkuta akitambaa kutoka chini ya meza, vumbi kichwani, futi ya kupimia nguo shingoni. Mkewe alimuuliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi?" Na Milimita, badala ya kusema kweli, akajibu, "Nilitoka kuangalia kama ukuta umesimama wima." Kisha, ili kuutetea uongo wake, akaenda kuiweka ile pima maji ukutani, mkewe akimtazama.

Tangu hapo mkewe hakumsemesha. Walifagia kutwa nzima, huyu ameinamia kona hii na huyu kona ile. Walizoa unga uliochanganyika na sukari na mafuta ya taa, wakalinyanyua kabati pamoja, moja, mbili, tatu, na hata hiyo moja-mbili-tatu aliihesabu Milimita peke yake. Jioni mama mkwe alipiga simu kusema kesho atakuja kuwaangalia, na mkewe alizungumza naye kwa sauti tamu kabisa, akakata simu, akanyamaza tena. Na asubuhi hii Milimita aliliona begi la safari la mkewe kitandani. Hakuthubutu kuuliza linafanya nini pale. Alichojua ni kwamba kama hatapata neno la maana la kumwambia kabla mama mkwe hajafika, huenda jioni ya leo mama na binti yake wakaondoka pamoja na begi hilo, na yeye abaki na kuta zake zilizosimama wima.

Kikombe kilianza kwa kinyozi, ambaye wenzake wanamwita Redio, nanyi mnaweza kukisia kwa nini.

— Nyinyi mnahangaika bure, alianza Redio. Chanzo ninacho. Si wanachimba kisima kule nyuma ya stendi? Wamechimba, wamechimba, mpaka wamepita kwenye maji, wakapita kwenye mawe, wakatoboa kule chini kabisa kulikokuwa na hewa imefungwa. Hewa ikatoka. Pwaa! Kama puto.

— Na wewe ulikuwa wapi hewa ilipotoka? aliuliza Bi Birika.

— Kazini. Nilikuwa namnyoa mteja. Nikamwambia tulia mzee, wembe uko shingoni, haya mambo yanapita. Nikamaliza kazi yangu taratibu.

— Muongo! Mteja wako nilimwona anakatisha hapa kama mshale, kichwa upande mmoja kipara na upande mmoja msitu. Leo kapita amevaa kofia ya sufu na jua lote hili. Na wewe ulikuwa umeikumbatia nguzo hiyo hapo, unaiita mama.

Benchi lililipuka kwa kicheko. Redio naye alicheka, maana kukataa kusingemsaidia, akamrudishia Bi Birika kikombe. Kikasuuzwa, kikajazwa, kikaenda kwa fundi baiskeli. Huyu wanamwita Profesa, ingawa shule aliachana nayo mapema kwa ridhaa ya pande zote mbili.

— Kisima hakiwezi, alisema Profesa kwa upole wa mtu anayewahurumia wajinga. Tuulizane taratibu. Dunia inazunguka, haizunguki?

— Inazunguka.

— Haya. Mmeshaona kitu kinachozunguka bila gololi? Baiskeli ina gololi, pangaboi lina gololi. Na dunia inazo, tena kubwa, kila moja kama nyumba ya ghorofa. Sasa gololi moja imekwisha. Ndiyo mkasikia ule mgurumo: krrrr! Mimi baiskeli ikinililia hivyo najua kabisa, hii inataka grisi.

— Na grisi ya dunia inapakwa wapi? Redio alidakia, akakumbuka hana kikombe, akajiziba mdomo.

— Hapo ndipo wataalamu wanapotofautiana, alisema Profesa, akanywa.

Bi Birika hakuweza kuvumilia. Alimnyang'anya kikombe, akajimiminia mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya mwaka mzima.

— Gololi gani! Nyinyi mmesahau kwamba upande wa pili wa dunia kuna watu. Sasa sisi tukiamka, wao wanafanya nini? Wako kwenye sherehe. Jana kulikuwa na harusi huko, nakuapieni, tena ya watu wanene, bendi ikapiga, wakaruka wote kwa pamoja. Sisi tuko chini ya sakafu yao. Tungefanyaje tusitikisike?

— Kwa hiyo tuwapelekee malalamiko? aliuliza Profesa.

— Tuwapelekee pongezi! Walioa vizuri. Vikombe vyangu kumi na moja nimewatunza maharusi.

Wakacheka mpaka mpita njia mmoja akasimama kutazama kuna nini. Milimita alijaribu kucheka nao, kicheko kikakwama. Na hapohapo kikombe cha bluu, kimejaa, kinafuka moshi, kikatua mikononi mwake.

— Mimi sina la kusema, alisema.

— Sheria, alisema Bi Birika.

— Sheria! waliitikia wengine.

Milimita alikitazama kikombe. Akapiga funda moja la kujipa moyo, kisha akajikuta anamwaga yote: barabara, miguu mitupu, pima maji kifuani, na lile jibu la ukuta. Akamalizia na begi kitandani na mama mkwe aliye njiani.

Wenzake hawakucheka mara moja. Walijitahidi. Redio alijiuma midomo, Profesa akatazama juu. Kisha Bi Birika akasema kwa sauti ndogo, "Na ukuta ulikuwa wima?" na Milimita akajibu kwa uaminifu, "Umepinda milimita mbili," na hapo wakaangua kicheko, mpaka Profesa akateleza kwenye benchi.

— Usijali ndugu yangu, alisema Redio akijipangusa macho. Mwambie ulitangulia kumfungulia njia. Mwanamume hutangulia, anaangalia usalama.

— Hapana, hapana, alisema Profesa. Lipo jibu la kitaalamu. Pima maji yako ni ya chuma, sivyo? Gololi ya dunia ikikwaruza, inatoa sumaku. Sumaku ikaivuta pima maji. Wewe ulikuwa umeishika. Hukukimbia, bwana! Ulivutwa!

Milimita alifikiri. Ulikuwa ni upuuzi mtupu, lakini kwa mtu aliyeamka hana hata neno moja, upuuzi huo ulikuwa na mvuto wake. Nilivutwa, alijaribu kimoyomoyo. Mke wangu, nilivutwa.

Ndipo alipomwona mama mmoja anakuja polepole kutoka barabara kuu, mkoba begani, kapu mkononi. Milimita alisimama ghafla, akanyooka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Wenzake, kwa jinsi alivyosimama, wakajua ni nani bila kuambiwa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Hamjambo? Poleni na tetemeko.

— Tumeshapoa, mama. Karibu. Karibu ukae.

Walimpisha, akaketi katikati, akaweka kapu chini, akanyoosha miguu. Alikuwa mama mkimya, mwenye uso wa kucheka.

— Nimechoka kidogo, nipumzike kabla sijaingia ndani. Nimesikia mnacheka tangu kule kona. Mlikuwa mnasemaje?

— Tunajadili chanzo, mama, alisema Redio. Kuna hoja ya kisima, kuna hoja ya gololi, na kuna hoja ya harusi.

— Mambo makubwa hayo, alisema mama mkwe. Mimi ni mtu wa swali dogo tu. Akamgeukia mkwewe. Hivi, baba, ilipotikisika, mlitoka wote?

Redio, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alitazama kucha zake. Profesa aliokota spana akaikagua. Bi Birika akaanza kupuliza jiko lililokuwa likiwaka vizuri. Na kikombe kilikuwa mkononi mwa Milimita, na sheria wote wanaijua. Alifungua kinywa. Sumaku ilikuwa palepale kwenye ulimi. Haikutoka.

— Mama, alisema, jana...

Kifuniko cha birika kikaanza kugonga. Ta-ta-ta-ta. Jiko likatembea lenyewe hatua moja. Baiskeli zilizotundikwa zikagongana, na ardhi chini ya miguu yao ikatikisika tena, safari hii kidogo, lakini nani alisubiri kupima? Redio aliirukia nguzo yake. Profesa alijitumbukiza kati ya matairi. Bi Birika alilikumbatia birika na moto wake wote. Watu wakamiminika kutoka majumbani, miguu niponye, wakikimbilia uwanja wa wazi.

Milimita peke yake alikimbia kinyume chao. Aliwapangua watu kwa mabega, akapita geti, akakata kona, moyo unamdunda, na kichwani hana kipimo wala hesabu, ana mtu mmoja tu. Alipofika uani kwake ardhi ilikuwa imeshatulia. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya ua, mzima, ufagio mkononi. Miguuni pake palikuwa na lile begi la safari, liko wazi, limejaa vigae vya sahani mpaka juu. Magunia yalikuwa yamekwisha.

Milimita aliliona begi, akaelewa kwamba halikuwa la safari yoyote.

— Mama amefika, yuko kijiweni, alisema huku anahema. Na mimi jana nilikimbia. Sikwenda kupima ukuta. Niliogopa, nikakimbia, nikakuacha ndani, na aibu niliyonayo haipimiki. Nisamehe.

Mkewe alikuwa akimtazama mkono. Milimita naye akatazama. Alikuwa amekuja na kikombe cha bluu, kizima, na ndani limebaki funda moja la kahawa. Pima maji haikuwepo. Ilikuwa imeanguka njiani na hakuisikia.

Akamkabidhi mkewe kile kikombe kwa mikono miwili.

— Kijiweni leo tuna sheria, alisema. Mwenye kikombe lazima aseme. Sema lolote, hata ukinitukana.

Mkewe alikipokea. Aliegemeza ufagio ukutani, akanywa ile kahawa taratibu, akajifuta mdomo.

— Umesema mama yuko kijiweni?

— Ndiyo.

— Na ilipotikisika sasa hivi, alikuwa amekaa na wewe?

— Ndiyo, tena ubavuni kwangu ka...

Milimita aligeuka akatazama njia aliyotoka.

— Kwa hiyo, fundi, alisema mkewe, mama yangu umemwacha.

Kikombe hakikuwa mkononi mwa Milimita, na aliishukuru sheria kwa moyo wake wote. Mkewe alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Kicheko kilimtoka, kikamkunja tumbo, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa akicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu, na Milimita akaketi chini kando yake, naye hoi.

Kisha mkewe akasimama, kikombe mkono huu, na mkono mwingine akamnyooshea.

— Inuka twende tukamchukue, alisema. Na safari hii tunatoka wote.