Kosa la Sura ya Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo na walimu wote wa meza kuu. Wazazi, walezi na ndugu mliokuja kuwaaga watoto wenu. Dada yangu wa safu ya pili, ambaye tangu nisimame ananifanyia ishara nitulie. Na ninyi wahitimu ishirini na wawili mnaopanda ndege Jumatatu kwenda kufundisha Kiingereza ugenini: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Nitulie vipi, dada? Nimeombwa dakika kumi za kuwatia moyo vijana hawa, na mimi nimekuja na la kuwavunja moyo kwanza. Mnivumilie. Wanaonijua wanajua kwamba kiherehere nimezaliwa nacho. Kule nilikofundisha miaka mitatu wanafunzi walinibandika jina la Mwalimu Hatulii, na sikulikataa, maana kila walipoinua macho kutoka kwenye madaftari yao walinikuta nimehamia ukuta mwingine.

Asubuhi hii kila mmoja wenu amepewa zawadi ya kitabu changu, kile cha kuishi na kufundisha ugenini. Mkuu wa Chuo, kwa wema wake, amewasomea kurasa mbili za sura ya saba, ile ya mwanamke aliyekaa dirishani miaka yote bila kusema neno. Nimeona vitambaa vikitoka mikobani. Mgeni Rasmi naye nimemwona akivua miwani. Mkuu, umesoma vizuri, umesoma kuliko nilivyoandika. Lakini sura ile ina kosa, wala si la mpiga chapa. Ni langu mwenyewe, limemuumiza mtu ninayemheshimu, na sitaki mwondoke nalo kwenye mabegi yenu.

Naona mnatazamana. Ngojeni nieleze.

Sisi tuliofundisha huko tuna desturi yetu. Mwalimu anayeondoka humwachia anayekuja daftari. La kwetu lilikaa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko, limelowa chai pembeni, na nawaambia kweli, bila daftari lile ningelia wiki ya kwanza nzima. Humo ndimo nilimosoma kwamba bomba la maji ya moto hufunguka ukilipiga kofi kwanza. Kwamba mwenye nyumba akigonga usijifanye haupo, anasikia redio. Kwamba duka la kona humkaribisha mteja kwa kumfokea, ndiyo salamu yao, usikasirike. Nani asingelishukuru daftari la namna hiyo?

Kurasa za nyuma zilikuwa za wanafunzi, mstari mmoja kila mtu. Yule karani wa benki anapenda kuongea, mkatize mapema. Mapacha watenganishe, la sivyo mmoja atafanya kazi za wawili. Dereva wa basi huchelewa, si dharau, ni zamu. Nilipomaliza miaka yangu mitatu, nami nikaandika ya kwangu. Na juu ya mwanamke wa dirishani niliandika hivi: "Usimuulize. Anapenda kusikiliza tu."

Mama huyo alikuwa fundi cherehani. Alikuja darasani kila Jumanne alasiri moja kwa moja kutoka kibandani kwake, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, nyuzi zimemganda kwenye sweta. Siku ya kwanza nilimuuliza swali dogo tu, anaishi na nani. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaushika ule utepe kwa mikono miwili, uso ukamwiva, na nyuma kule mtu akacheka. Ningengoja! Sekunde ishirini, thelathini, kwani kulikuwa na moto? Lakini mimi na kimya ni paka na maji. Nikamjibia mwenyewe, nikaenda kwa mwingine, na moyoni nikajisifu kwamba nimemsitiri mwanamke wa watu.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena. Miaka mitatu, jamani. Nilimwekea vitabu mezani, nilimtabasamia, niliulizia hali ya cherehani kwa lugha yao, na nikimfikia kwenye zamu ya maswali namruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kisha nikarudi nyumbani, nikaandika kitabu, nikamfanya sura nzima. Nikasema amechagua kimya. Nikasema kimya chake ni hekima. Nikaipamba na methali kabisa, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali haina kosa lolote. Aliyekosa ni aliyeitumia kufunikia uvivu wake.

Mkuu, nakuona unatazama saa. Nimebakiwa na dakika, nisaidie.

Mwezi wa pili mwaka huu nililetewa barua na mchapishaji wangu. Imeandikwa kwa mkono, kwa lugha ya kule, mistari imenyooka kama mshono. Mwalimu wa sasa alikuwa amekipeleka kitabu darasani akawatafsiria sura ya saba, kwa kujigamba kwamba darasa lao limeingia kitabuni. Na Fundi alikuwepo. Bado alikuwepo! Mwaka wa tisa, kiti kile kile. Barua ilianza hivi: "Mwalimu, umeniandika vizuri, na utepe wangu umeukumbuka. Umesema nilipenda kunyamaza. Nani alikuambia?"

Nilikaa chini. Mimi, nilikaa.

Akaeleza. Binti yake aliolewa mbali, akapata mtoto wa kike, na mtoto yule hakufundishwa lugha ya bibi yake, anajua Kiingereza tu. Ndiyo maana Fundi alijiandikisha, mjukuu akiwa bado hajatambaa. Alitaka siku wakionana waongee. "Kila Jumanne," aliandika, "nilijiambia, leo wataniuliza. Nilikuwa na jibu tayari, nimelifanyia mazoezi kwenye cherehani. Ila mdomo wangu ni mzito kuanza, unataka mtu wa kuungoja. Hakujiuliza hata mmoja wenu kwamba labda nangoja? Akaja mwalimu mwingine, naye hakuniuliza. Akaja wa tatu. Nikadhani ndivyo nilivyo, kwamba Kiingereza kimenikataa."

Walimu wanne waliokuja baada yangu walilisoma daftari. Wote wanne watu wema, wachapakazi, wenye haraka zao. Daftari lilipochakaa wakanunua jipya, wakanakili mstari wangu kwa mwandiko wao: usimuulize, anapenda kusikiliza tu. Hakuna aliyemchukia. Tulimnyamazisha kwa heshima kubwa.

Kisha mwaka jana mjukuu akaletwa, wiki mbili. Ana miaka tisa. Fundi alimshonea magauni matatu kwa kukisia kimo, yakamkaa. Mtoto akaongea kutwa nzima, kuhusu shule, kuhusu jino lililong'oka, kuhusu mbwa wa jirani. Na bibi, aliyekuwa amesikiliza miaka minane, alielewa kila neno. Kila neno! Alitikisa kichwa, alitabasamu, alimpa chakula. Kujibu hakuweza. Siku ya saba, wakiwa mezani, mtoto akamgeukia mama yake, na kwa kuwa alidhani bibi hasikii Kiingereza hakupunguza hata sauti: "Mama, kwa nini bibi hanipendi?"

"Nilielewa, mwalimu," aliandika Fundi. "Nilielewa, nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo."

Sasa niambieni, wahitimu. Ningewaacha mpande ndege na sura ile mkiisifu? Nilimpigia mchapishaji, nikamwambia toleo la pili lisitoke hivyo. Akasema, "Sura hiyo ndiyo watu wanaipenda, kwa nini uharibu kitu kizuri?" Tukavutana. Hajakubali bado, na mimi si wa kuachia, nitamchosha. Ila ninyi siwezi kuwangojesha toleo la pili. Fungueni kitabu sasa hivi, ukurasa ambapo sura ya saba inaanza, na juu kabisa mwandike kwa mkono wenu: mwandishi hakumuuliza. Haya, wenye kalamu wawaazime wasio nazo. Nawangoja. Mnaona, najifunza kungoja.

Mtafika huko na mtakuta daftari droo fulani. Lisomeni, litawaokoa. Nanyi mkiondoka andikeni, msiwe wachoyo: bomba, mwenye nyumba, duka la kona, yote andikeni kwa kirefu. Watu ndio msiwaandike. Mwacheni anayekuja awakute wapya. Mtu anabadilika baina ya Jumanne na Jumanne, na mstari wenu haubadiliki.

Na mimi? Kuomba radhi kwa barua niliona ni rahisi mno, maneno ndiyo kazi yangu. Nilimpigia simu. Nikamuuliza, "Fundi, nikuulize kila siku?" Akasema niulize. Wiki ya sita sasa, kila asubuhi kabla hajawafungulia wateja kibanda, namuuliza swali moja kwa Kiingereza, kisha nangoja. Mnajua mtu kama mimi kungoja ni nini? Naizunguka meza. Dada yangu huyu hapa shahidi, ameniambia nitatoboa sakafu. Wiki ya kwanza hakuna kilichotoka. Ya pili akataja rangi ya kitambaa. Ya nne alinigombeza kwa Kiingereza kwamba nimepiga mapema, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kugombezwa.

Mjukuu anarudi Jumamosi. Keshokutwa. Nalala vibaya, chakula hakipiti, utadhani mtoto anakuja kwangu. Na jana asubuhi nilimuuliza lile tuliloliogopa wote wawili: "Mtoto akiingia mlangoni, utamwambia nini?"

Nikasikia cherehani imesimama. Nikazunguka meza mara moja, mara mbili, mara ya nne. Nilikuwa na jibu zuri mdomoni, limeiva, sentensi safi zenye mpangilio, ningempa tu arudie baada yangu. Nikavuta pumzi nianze. Dada, aliyekuwa anakunywa chai yake, akanyoosha kidole bila hata kuinua macho. "Nyamaza wewe. Hajamaliza."

Kumbe hajamaliza kweli. Sauti ikaja, nzito, ya mtu anayepandisha mzigo ngazini, neno moja, kituo, neno jingine. Alisema, kwa Kiingereza: "Bibi alisikia. Swali lako, bibi alisikia. Bibi anakupenda. Bibi alikuwa anatafuta maneno." Akakaa tena kimya, mimi nimeziba mdomo kwa kiganja, kisha akamalizia: "Kaa hapa, nijibu polepole. Nina maswali ya miaka tisa."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wazazi, wahitimu, sina zaidi ya hapo na nikiendelea nitalia mbele ya watu. Nawashukuru kwa dakika zenu na kwa uvumilivu wenu kwa mtu asiyetulia. Nendeni salama, mfundishe vizuri. Mmenisikiliza vya kutosha. Sasa nakaa, na yeyote kati yenu ambaye hajasema neno tangu asubuhi, kipaza sauti ni chake. Achukue muda wake. Tutamngoja.