Mashua ya Shadia

Katika boti ya abiria iliyokuwa ikirejea Kigoma, Bwana Gasper, aliyefunzwa bwenini kwamba kusikiliza ya wengine ni utovu wa adabu, alisogea kidogo ili asikie vizuri. Shadia, mfanyabiashara wa dagaa, alikuwa amechomeka kwenye soketi ya boti kisanduku chenye kadi ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kuchora, kisha akakiunganisha kwa waya na kompyuta yake ya mkononi.

"Kompyuta gani hii, ubongo wake unakaa nje?" Assani, fundi mashua aliyeketi kando yake, alimtania. "Mimi siundi kwa mchoro, dada. Naunda kwa jicho."

"Basi litumie hilo jicho, fundi. Bila kadi hii picha hukwama. Nataka uniundie mashua kama hii niliyoichora. Ukikataa, nitatafuta mwingine."

Akabonyeza. Mashua ikainuka kiooni, ikageuka polepole, mbavu zake zikionekana ubao kwa ubao. Assani akainamia kioo. Bwana Gasper naye akanyoosha shingo.

"Hapo tumboni pamekaa vibaya," Assani alinong'ona.

"Pamekaa nilivyotaka."

"Geuza tena nione."

Boti ikafunga gatini, injini na umeme vikazimika, kisanduku nacho kikazimika, na mashua ambayo Shadia alikuwa akiigeuza ikaganda kiooni kichwa chini. Abiria walishuka. Assani alibaki ameinama, shingo ameipinda, akiitazama.